Tangi limeandikwa "Tutaonana Masika", ndani limejaa kutu

SWALI

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Pangani. Marehemu baba yangu alikuwa bwana shamba, na pikipiki aliyozungukia vijiji ni Honda CG125 aliyoinunua mwaka 1991. Alipofariki mwaka 2018 tuliisukumia kwenye banda la mbuzi, tukaifunika turubai, na humo ikakaa miaka mitano bila mtu kuigusa. Nilipohamishiwa shule ya ng'ambo ya mto nikaona nauli za bodaboda zitanimaliza, nikaitoa. Betri mpya, tairi mbili, plagi, oili. Ikawaka kwa kiki ya tisa, mama akatoka jikoni analia.

Furaha ilidumu wiki moja. Sasa hivi ikitoka nyumbani inakwenda vizuri hadi kivukoni. Nikishavuka mto kwenda upande wa Bweni, kilomita nne au tano mbele, inaanza kukohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Nikiiacha dakika kumi inawaka tena, inanisogeza kidogo, inazima. Nikiiweka rizavu ndiyo balaa zaidi. Fundi wa hapa ameshafungua kabureta mara nne. Kila mara anakuta vumbi jekundu kama la tofali chini ya kikombe, anaosha, ananitoza, na baada ya siku tatu tunarudi palepale. Mara ya mwisho akaniambia kabureta imekufa, ninunue nyingine. Nimenunua. Nayo imeziba.

Juzi nikamulika tochi ndani ya tangi. Kuta zote nyekundu, zina magamba kama ya samaki, na chini kuna tope la kahawia.

Kila mtu ana dawa yake. Fundi anasema nimwage asidi ya betri, ilale humo usiku mmoja. Kaka yangu, anayechomelea mageti, anasema alipasue tangi kwa chini, alisugue, kisha alifunge upya kwa welding yake. Kijiweni wananiambia nitie mchanga na petroli nitikise. Duka la spea lina tangi jipya la Kichina na ningelinunua, ila kuna jambo moja. Kwenye tangi la baba kuna maneno aliyomlipa mchora vibao amwandikie kwa rangi nyeupe: TUTAONANA MASIKA. Ndivyo alivyokuwa akiwaaga wakulima. Mama kasema tangi hilo likitupwa, na yeye atupwe nalo.

Nifanyeje?

Mwalimu wa ng'ambo, Pangani

JIBU

Marahaba, mwalimu. Msalimie mama, mwambie tangi halitupwi. Au tuseme halitupwi kabla ya kipimo cha bisibisi, nacho nitakueleza hapa chini.

Kabureta yako ya kwanza haikuwa na kosa, na hii ya pili haina pia. Kabureta iko chini ya tangi, kwa hiyo kila kinachomeguka juu kinamwangukia yeye. Kuiosha mara nne bila kugusa tangi ni kudeki sakafu huku paa linavuja. Fundi wako alipoliona lile vumbi jekundu mara ya kwanza, hapo hapo alipaswa kufungua mfuniko na kuchungulia.

Habari ya rizavu ndiyo iliyonipa hakika. Koki ya mafuta ina mrija mfupi uliosimama ndani ya tangi. Ikiwa mahali pake pa kawaida, petroli inaingilia juu ya mrija huo, kidogo mbali na sakafu. Ukiigeuza rizavu, inachota chini kabisa, kule tope lilikolala. Na kuwaka tena baada ya dakika kumi hakuna uchawi. Uchafu haujakata njia, umeibana tu, kwa hiyo wakati wewe umekaa pembeni unafuta jasho, kikombe cha kabureta kinajaa tone kwa tone.

Hata hivyo, kabla hujashika spana, fanya jaribio moja la bure, maana kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu na unaweza kuwa nao yote mawili. Mfuniko wa tangi una tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na vumbi au nyigu, petroli inaposhuka hakuna hewa ya kuingia kuchukua nafasi yake, na pikipiki inazima hivyo hivyo baada ya kilomita chache. Siku ikizima, fungua mfuniko mara moja na utege sikio. Ukisikia inavuta hewa, fyuu, kisha ikawaka na kwenda, zibua tundu hilo kwa waya mwembamba. Mfuniko ukiwa mkononi, tazama na mpira wake. Ukiwa umekakamaa na kupasuka, maji ya mvua yanaingia hapo, na utaosha tangi leo, masika yakija utaanza upya.

Sasa, kutu imetoka wapi wakati mliifunika turubai? Nakisia mliiweka tangi likiwa na petroli kidogo au likiwa tupu. Tangi tupu limejaa hewa, na hewa ya Pangani unaijua, chumvi kwenye kopo inalowa yenyewe. Mchana bati linapata joto, usiku linapoa, unyevu unageuka matone kwenye kuta za ndani. Matone yanateremka na hayapandi tena, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli: lita ya maji ni kilo moja, lita ya petroli ni kama robo tatu ya kilo. Miaka mitano ya hivyo, kila usiku.

Kuna jambo la umbo la tangi ambalo wengi hawalifikirii. Tangi lako limekaa juu ya fremu kama tandiko juu ya punda, lina miguu miwili, kushoto na kulia, na koki iko upande mmoja tu. Mguu wa pili hauna mlango. Maji yakishuka huko yanakaa mpaka mtu alitoe tangi na kulipindua. Mulika tochi upande huo, nadhani ndipo penye magamba manene.

Kipimo cha bisibisi sasa. Mwaga petroli yote kwenye dumu lenye kifuniko, vua tangi, vua koki. Lioshe ndani kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu, mpaka harufu ya petroli ipungue sana. Fanyia uwanjani, mbali na jiko na mwenye sigara, na ujue kwamba tangi lililotoka kumwagwa petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Kisha lilaze chali, ushike bisibisi butu na ukandamize chini kote, hasa kwenye mshono na ule mguu usio na koki. Usigonge, kandamiza kama unapima embe. Bati zima linakataa. Palipooza pananesa au bisibisi inapenya. Tazama na rangi kwa nje: vipele vinavyofura karibu na mshono maana yake kutu imekula kutoka ndani na iko karibu kutokea. Vitundu viwili vitatu vya sindano vinatibika. Ikiwa sehemu ya upana wa kiganja inabonyea kama karatasi, hapo nunua la Kichina, na la baba mama alitundike ukutani.

Nina imani litapita. CG125 ilianza kutengenezwa 1976, na ilikusudiwa nchi ambazo pikipiki haitunzwi kwa upole. Bati lake si la mchezo.

Dawa ulizopewa nizipitie. Mchanga, hapana. Unaingia kwenye kona za mshono na hautoki wote, na punje itakayokuja kutoka mwezi ujao itakwenda moja kwa moja kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Asidi ya betri, hapana kubwa. Miaka ile nikiwa kijana wa spana Ngamiani, Tanga mjini, niliitia kwenye tangi la Vespa ya mteja, nikaenda kulala. Asubuhi kutu haikuwepo. Na bati halikuwepo pia sehemu tatu, unaona mchana upande wa pili. Asidi hiyo haichagui, inakula kutu na inakula chuma kizima, tena inachoma macho na mapafu ya anayeishika. Nililipa tangi lile kwa miezi minne.

Kuhusu kaka yako, hapa sitanii. Asiliguse tangi hilo kwa moto. Petroli inajificha ndani ya kutu yenyewe na kwenye mikunjo ya mshono. Unaweza kuosha, ukanusa, usisikie kitu, na moto ukigusa bati mvuke uliojificha ukatoka na kulipuka. Wachomeleaji wameuawa na matangi ambayo waliambiwa ni tupu. Kaka ana kazi nyingine katika shughuli hii, nitamrudia.

Kazi yenyewe itachukua siku tatu, nyingi ni za kungoja.

Linda maandishi ya baba kwanza. Paka mafuta ya mgando juu ya rangi yote, mazito, hasa kuzunguka mdomo wa tangi, kisha funga nailoni juu yake. Dawa tutakayotumia si kali, lakini ikidondokea rangi ya zamani na kukaa, inaacha doa.

Ziba tundu la koki kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli na kibati kilichokazwa barabara. Koki yenyewe usiiache kwenye dawa, haikutengenezwa kwa chuma cha tangi na itaharibika. Halafu tafuta nati ndogo za chuma, ziwe 40, na uziandike hesabu yake kwenye karatasi. Zitie ndani na maji kidogo ya sabuni, funga mdomo, utikise. Lipindue pande zote, wape wanafunzi wa darasa la saba zamu kama wapo. Nusu saa ya kelele. Magamba makubwa yatabanduka na maji yatatoka kama chai ya rangi. Mwaga, rudia mpaka maji yapungue wekundu. Nati zitoke 40. Ikitoka 39, hulali mpaka umeipata. Jamaa mmoja niliyemjua alilifunga tangi ndani ya godoro na kulitia kwenye mashine ya kuchanganyia zege, likazunguka humo wakati vibarua wanakula. Lilitakata vizuri sana, ila sina hakika mwenye mashine alijua.

Kutu iliyobaki imeshika bati na haitoki kwa kutikisa. Hii inataka tindikali ya upole. Siki ya dukani inaifanya, ila tangi zima la siki ni pesa na inakawia siku mbili tatu. Mimi natumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaotia kwenye juisi, unapatikana kwa wauza malighafi za sabuni na vinywaji. Pima kwanza tangi lako linachukua nini kwa kulijaza maji kwa chupa ya lita moja na nusu. Kila lita ya maji ya moto, gramu 60 za unga. Tangi la lita 9 litakula gramu 540, nusu kilo na kidogo. Bibi zetu walisugulia shaba kwa ukwaju na ndimu, akili ni ileile, lakini usinitilie ukwaju humo, nyuzi zake utazivuta kwenye koki mwaka mzima.

Jaza mpaka mdomoni, kwa sababu dari la tangi nalo lina kutu. Usikaze mfuniko, gesi kidogo inatoka, iache ipumue. Liweke juani. Baada ya saa 12 mwaga kidogo kwenye beseni uangalie: maji yamekuwa ya manjano ya kijani au meusi, na bati ndani limeanza kuwa la kijivu. Liache mpaka saa 24 ukiona bado. Usisahau ukaenda kwenye msiba Korogwe ukarudi baada ya wiki, maana hata tindikali ya upole ikikosa kutu itaanza kula bati.

Hapa sasa ndipo wengi huharibu kazi nzuri, kwa dakika tano tu. Bati lililotoka kwenye tindikali liko uchi. Ukilimwaga na kulianika juani taratibu, utarudi ulikute limekuwa la rangi ya chungwa tena. Kwa hiyo andaa kila kitu kabla hujamwaga: ndoo ya maji yenye vijiko vikubwa vinne vya soda ya kuokea, ndoo mbili za maji safi, nusu lita ya spiriti, petroli lita moja iliyochanganywa na oili. Soda iwe ile ya unga ya kwenye pakiti. Magadi ya mawe ya sokoni yana chumvi ndani yake, na chumvi na bati uchi hawakai nyumba moja.

Na kaka awe amesimama hapo na kompresa anayopulizia rangi mageti. Hiyo ndiyo kazi yake.

Mwaga dawa, suuza kwa maji ya soda, tikisa, mwaga. Suuza mara mbili kwa maji safi, mwaga haraka. Tia spiriti, izungushe kila kona, itayabeba maji yaliyobaki, mwaga. Kaka apulize upepo mkavu ndani mpaka usione hata jasho la maji. Kompresa ikae mbali, mtoe hewa kwa mpira mrefu, kwani spiriti inashika moto. Hapo hapo tia ile petroli yenye oili. Oili wasikusumbue, mnayo Pangani: ile ya mashine za boti inayochanganywa na petroli, robo lita kwa lita moja ya petroli inatosha. Lipindue tangi mpaka kila ukuta ulowe. Bati likishavaa mafuta, umepumua. Kutoka tindikali hadi mafuta isizidi robo saa.

Utaulizwa kama upake ile rangi maalumu ya kuvisha tangi kwa ndani. Zipo, na zikipakwa na mtu mvumilivu juu ya bati kavu kabisa zinadumu. Zikipakwa juu ya unyevu au kutu iliyobaki zinabanduka kama ngozi ya nyoka, na ngozi hiyo inaziba kuliko kutu. Bati lako likipita kipimo cha bisibisi, huihitaji. Na rangi ya kawaida ya dukani usiijaribu, petroli itaifanya uji.

Ikiwa kutatokea vitundu vya sindano baada ya kutu kuondoka (kutu yenyewe wakati mwingine ndiyo iliyokuwa kizibo), kwangua rangi hapo kwa nje, futa kwa spiriti, uzibe kwa gundi ya chuma ya sehemu mbili ambayo kwenye pakiti imeandikwa inastahimili petroli. Iache ikauke siku nzima. Na likianza kuvuja njiani ukiwa na daftari za watoto, sugua kipande cha sabuni ya mche mahali hapo mpaka kijae. Petroli haiyeyushi sabuni. Itakufikisha shule, ila usiifanye kuwa matengenezo.

Maji machafu ya dawa yamalize ukali wake kwa soda mpaka yaache kutoa povu, usiyamwage mtoni wala kisimani. Ile petroli ya zamani usiirudishe kwenye pikipiki.

Kabla ya kurudisha, nunua koki mpya yenye chujio lake. Ni rahisi kupata kwa kuwa Wachina wametengeneza nakala nyingi za CG, lakini linganisha na ya zamani kabla hujalipa, si zote zinakaa sawa. Weka na chujio dogo la kuona kwenye mpira wa mafuta. Jaza tangi mpaka juu, uende nalo. Litazame chujio ukifika kivukoni, ulitazame tena baada ya kilomita 100. Wekundu kidogo wa mwanzo ni mabaki, badilisha chujio na uendelee. Ukiendelea kuwa mwekundu wiki ya pili, kuna kona dawa haikufika, rudia ya sitriki peke yake.

Likizo mkifunga shule, liache limejaa. Na kila mwisho wa masika lipindue upande ule usio na koki umwage kikombe kimoja kwenye chupa nyeupe, uone kama kuna maji yamelala chini.

Ile kabureta ya kwanza, natumaini hukumwachia fundi. Ni iliyotoka nayo kiwandani na imedumu zaidi ya miaka 30. Kaichukue, iloweke, ipulize jeti zake kwa kompresa ya kaka, uirudishe mahali pake. Hiyo mpya mrudishie mwenye duka kama bado anaipokea.